Changuu, jela ambayo haikupata mfungwa

Desemba iliyopita nilimpeleka kisiwani Changuu mtoto wa dada yangu, binti aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza darasa la saba huko Morogoro na kuja kututembelea Unguja. Tulipanda boti Forodhani asubuhi, maji yakijaa, na kabla ya nusu saa kutimia tulikuwa tumekwisha kushuka upande wa pili, viatu mkononi na suruali zimekunjwa magotini. Kijana wa boti alikuwa ametuita tangu ufukweni kwa neno moja tu, "Prison! Prison!", kama makondakta wa daladala wanavyoita abiria wa Mwanakwerekwe, na binti yule alikuwa amejiandaa kuona jela. Alizunguka ua wa lile jengo la mawe, akachungulia vyumba kimoja baada ya kingine, kisha akanigeukia.

"Mjomba, wafungwa walikuwa wanalala wapi?"

Nikamwambia kwamba hakuna mfungwa aliyelala pale, si mmoja wala nusu. Alinitazama kama mtu anayefanyiwa mzaha. "Sasa kwa nini panaitwa Prison?"

Nilimjibu kwa kifupi, maana jua lilikuwa limepanda na yeye alikuwa na hamu ya kuwaona kobe kuliko kunisikiliza, lakini tangu siku ile nimekuwa nikijiona mwenye deni. Jibu kamili ni refu, na kadiri ninavyolitafakari ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba jina hilo, ambalo limekiletea kisiwa pesa na wageni, limekifanyia pia dhuluma ya aina yake. Watu walizuiliwa Changuu kwa miongo mingi, wengine kwa minyororo na wengine kwa amri ya daktari, ila miongoni mwao hakuna aliyefikishwa pale kwa hukumu ya kadhi wala ya hakimu. Jengo lililojengwa kwa ajili ya wahalifu ndilo pekee lililokosa wahalifu. Waliokaa kisiwani kwa kulazimishwa walikuwa watu wasio na kosa.

Changuu ni kisiwa kidogo. Urefu wake ni kama mita 800 na upana wake, mahali palipo papana zaidi, ni kama mita 230, hivyo mtu mzima anaweza kukizunguka chote kabla chai haijapoa. Kipo takriban kilomita 5.6 kaskazini magharibi ya Mji Mkongwe, karibu na ndugu zake: Chapwani, ambako Waingereza walizika mabaharia wao, wakiwamo wa manowari Pegasus iliyoshambuliwa na Wajerumani katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914, na Bawe, ambako kampuni ya telegrafu ilifikisha waya wake wa chini ya bahari mwaka 1879. Jina la Changuu linatokana na samaki, huyu huyu changu tunayemkaanga na kumtia ndimu, na mvuvi wa Malindi hana haja ya kuelezwa kwa nini kisiwa kikaitwa hivyo. Pande za kaskazini mashariki bado yanaonekana mashimo yalikochongwa mawe ya matumbawe, na mawe hayo yalivushwa kwenda kujenga mji, kwa hiyo baadhi ya kuta tunazoegemea kila siku Mji Mkongwe ni vipande vya Changuu vilivyohama.

Katika miaka ya 1860 kisiwa kilikuwa mali ya Sultani Majid bin Said, ambaye alitawala Zanzibar tangu kufariki baba yake mwaka 1856 hadi kifo chake mwenyewe mwaka 1870. Majid aliwapa Waarabu wawili kisiwa hicho, nao wakakitumia kuwafungia watumwa. Si watumwa wote, bali wale ambao maelezo yote niliyopata kuyasikia huwaita wakaidi. Walizuiliwa huko kabla ya kupelekwa kuuzwa katika soko la Mkunazini au kupakiwa kwenye majahazi yaliyoelekea Arabuni.

Naomba nikae kidogo kwenye neno hilo, ukaidi, kwa sababu ndilo linalonisumbua. Mtu huyu alikuwa ametekwa au ameuzwa sehemu za Nyasa au kwingineko bara, akatembezwa kwa miguu mamia ya kilomita, akafikishwa Kilwa Kivinje, akapangwa ndani ya jahazi pamoja na wenzake kama magunia ya ufuta, na wengi wao kabla ya siku hiyo walikuwa hawajapata kuiona bahari. Akafika Unguja, na kati ya yote yaliyobaki mikononi mwake likawa moja tu, kukataa. Alikataa kula, au alikataa kuinuka, au alijaribu kutoroka usiku. Kwa jambo hilo aliitwa mkaidi, na sisi tuliokuja baadaye tumelipokea neno la mwenye mali bila kulichuja, tunalirudia mbele ya wageni na watoto kana kwamba ni sifa ya tabia ya yule aliyefungwa. Ningependa tuseme tu kwamba walifungwa watu waliokataa kuwa bidhaa.

Kisiwa kilifaa kwa kazi hiyo kwa sababu zile zile zinazofanya visiwa vifae kuwa jela kila mahali duniani, kutoka Robben kule Afrika Kusini hadi kwingineko: bahari inafanya kazi ya ukuta na haihitaji mshahara. Lakini Changuu ina jambo moja la ziada ambalo mtu hulitambua akisimama ufukweni upande wa kusini mashariki. Mji unaonekana. Minara, mapaa, moshi wa jikoni za asubuhi, milingoti ya vyombo, vyote viko wazi mbele ya macho. Mtu aliyefungwa pale aliona, siku nzima, mahali ambapo angeuzwa.

Biashara yenyewe ilikuja kuzibwa hatua kwa hatua, na wala si kwa wepesi ambao vitabu vya shule hutufanya tuudhani. Juni 1873, baada ya shinikizo kubwa la balozi wa Uingereza, John Kirk, na tishio la kuzingirwa kisiwa na manowari, Sultani Barghash bin Said alitia saini mkataba wa kupiga marufuku kusafirisha watumwa kwa njia ya bahari na kufunga masoko. Soko la Mkunazini likafungwa na mwaka huo huo mahali hapo pakaanza kujengwa kanisa. Utumwa wenyewe, hata hivyo, uliendelea kuwa halali majumbani na mashambani, mikarafuu ya Unguja na Pemba ikachumwa na mikono ile ile, hadi amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya mwezi wa Aprili 1897; na hata amri hiyo haikuwagusa masuria, ambao walisubiri hadi mwaka 1909. Ninayataja haya kwa sababu mwaka kisiwa cha Changuu kilipopewa kazi mpya, yaani 1893, bado Zanzibar ilikuwa nchi yenye watumwa.

Aliyekinunua ni Lloyd Mathews, Mwingereza aliyezaliwa Madeira mwaka 1850, akaingia jeshi la majini, akafika Unguja na manowari za kukamata majahazi ya watumwa, kisha mwaka 1877 akakabidhiwa kazi ya kumundia Sultani Barghash jeshi lenye mafunzo ya Kizungu. Alipanda ngazi hadi akawa Waziri wa Kwanza wa serikali ya Zanzibar mwaka 1891, mwaka mmoja tu baada ya nchi kuwekwa chini ya himaya ya Uingereza, na akabaki katika kiti hicho hadi malaria ilipomuua mwaka 1901. Si mtu rahisi kumhukumu. Alichukia biashara ya watumwa na alikuwa tayari kuhatarisha maisha yake kuizuia, na wakati huo huo ndiye aliyehakikisha kwamba dola ya Sultani inabaki jina na muhuri, na hesabu zinasomwa na Waingereza. Huyu ndiye aliyekinunua kisiwa kwa niaba ya serikali mwaka 1893 ili kijengwe gereza, na kufikia mwaka 1894 majengo yakawa yamekamilika: kuta nene za mawe, ua wa katikati, vyumba vidogo vinavyotazamana na bahari.

Hapa nitapinda njia kidogo. Neno letu la gereza lina historia ambayo mtu angeweza kudhani imetungwa. Linatokana na neno la Kireno, igreja, ambalo maana yake ni kanisa. Wareno walikuwa na makanisa yao ndani ya ngome na maboma ya pwani, na walipoondoka, majengo yale yale, au mahali pale pale, pakaja kufungiwa watu. Neno likabaki na mahali, maana ikahama. Hapa kwetu Ngome Kongwe ilijengwa na Waomani mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, na katika karne ya 19 ikatumika kama jela. Mombasa nako Ngome ya Yesu ilikuwa gereza la serikali tangu mwaka 1895 hadi 1958. Kwa hiyo neno gereza lilianza likiwa kanisa na likaishia kuwa jela, na Mkunazini ardhi ilianza ikiwa soko la watu na ikaishia kuwa kanisa. Changuu ilianza ikiwa jela bila jengo, ikapata jengo la jela, na papo hapo ikaacha kuwa jela.

Kilichoizuia ile jela isitumike ni maradhi. Unguja ya wakati ule ilikuwa njia panda ya bahari nzima. Upepo wa kaskazi ulipoanza kuvuma Desemba, majahazi yalishuka kutoka Ghuba, Hadhramaut na pwani za Bara Hindi, yakijaza bandari hadi Machi. Meli za moshi nazo zilikuja mwaka mzima. Vyombo hivyo vilileta tende, vitambaa, chumvi na watu, na pamoja na watu vilileta kilichokuwa ndani ya miili yao. Mji ulikuwa umebanana, visima viko jirani na vyoo, na wazee walikuwa bado wanakumbuka kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870, ambacho kiliua watu kwa maelfu. Daktari James Christie, aliyekuwa akiishi Unguja wakati huo, aliufuatilia mkondo wa ugonjwa ule na kuonyesha kwamba haukuja kwa meli kama ilivyodhaniwa, bali ulipita bara, kupitia nchi ya Wamasai hadi Pangani, ndipo ukavuka. Somo hilo lingeweza kuwafanya watawala waitazame bara pia, lakini macho ya karantini yalielekezwa baharini, na tauni ilipozuka Bombay mwaka 1896, bandari iliyokuwa na mawasiliano ya kila mara na Unguja, hofu ya vyombo kutoka mashariki ikawa na sababu za kutosha.

Basi Changuu ikafanywa kituo cha karantini, si cha Unguja peke yake, bali cha abiria waliokuwa wakielekea katika himaya za Waingereza Afrika ya Mashariki. Ugonjwa unaotajwa zaidi ni homa ya manjano, ingawa hofu ya wakati ule ilijumuisha kipindupindu, ndui na tauni. Chombo kilisimama, abiria wakateremshwa kisiwani, wakakaa wiki moja hadi mbili chini ya uangalizi, na asiyeonyesha dalili akaruhusiwa kuendelea na safari yake.

Muda huo haukutungwa kwa kubahatisha. Homa ya manjano hujitokeza kwa kawaida kati ya siku ya tatu na ya sita tangu mtu kuumwa na mbu aliye na virusi. Tauni huhitaji takriban wiki moja. Kipindupindu hujionyesha ndani ya masaa machache hadi siku tano. Ndui ndiyo iliyokuwa ikijificha kwa muda mrefu, wiki moja hadi zaidi ya mbili. Mtu aliyemaliza wiki mbili kisiwani akiwa mzima, kwa sehemu kubwa, alikuwa mzima kweli. Jambo ambalo karantini ya namna hii haikuweza kulizuia ni wagonjwa wengine kuambukizwa pale pale, wakisubiri. Ukiwachanganya mamia ya watu mahali pamoja ili umtambue mmoja aliye na ugonjwa, unaweza ukawapata watatu.

Huwa ninajaribu kuwaza safari ya mtu mmoja wa aina hii. Tuseme ni mfanyabiashara mdogo kutoka Kutch, amesafiri majuma kadhaa, anamfuata ndugu yake mwenye duka Darajani. Jahazi linaingia katika maji ya Unguja, anauona mji, anaanza kufunga mizigo. Kisha chombo kinageuzwa. Anashushwa kisiwani, anaambiwa asubiri, hajaiba, hajagombana na mtu, hadaiwi. Hana hata homa. Kila jioni anaona taa za mji zikiwashwa ng'ambo ya maji, na pengine mojawapo ni ya duka la nduguye. Mandhari ni ile ile aliyoitazama mtumwa miaka 30 kabla yake. Sisemi kwamba mateso yao yalilingana, maana huyu alijua kwamba atatoka na yule hakujua lolote. Nasema kwamba wote wawili waliwekwa pale kwa kile walichokuwa, si kwa kile walichotenda.

Sisi wa kizazi hiki tulidhani neno karantini ni la babu zetu hadi mwaka 2020 lilipotukumbusha kwamba halijazeeka. Katika miezi ile nilisikia watu wazima wakilitamka kwa sauti ya chini, kama jina la mtu mkorofi aliyerudi mtaani.

Kituo kilikuwa na watu kwa karibu nusu ya mwaka, na nusu iliyobaki kisiwa kilikuwa mahali pa mapumziko. Maofisa na familia zao walivuka kutoka mjini, wakaogelea, wakala chakula cha mchana kivulini, wakalala usiku mmoja au miwili katika nyumba iliyojengwa kwa ajili hiyo, wakarudi kazini. Utalii wa Changuu, kwa hiyo, si kitu cha juzi. Una umri unaokaribiana na ule wa karantini yenyewe, na vyote viwili viliishi kwenye ufukwe mmoja kwa zamu, hofu ikiondoka mwezi wa nne na vikapu vya chakula vikiingia.

Mwaka 1923 serikali ilikibadilisha kisiwa jina rasmi, kikawa Kibandiko. Nadhani jina hilo lilikuwa na bahati mbaya tangu mwanzo, maana kibandiko nacho, kama kila kitu cha kubandikwa, kilibanduka. Watu waliendelea kusema Changuu, Wazungu wakaendelea kusema Prison, na jina la serikali likabaki kwenye makaratasi. Ni vyema kukumbuka jambo hili kila tunaposikia kwamba jina la mahali limebadilishwa kwa tangazo.

Lakini kabla ya hapo, mwaka 1919, walikuwa wamefika wakazi wengine, na hao ndio ambao binti wa dada yangu aliwaona na kusahau kabisa habari za jela. Gavana wa Shelisheli alituma zawadi ya kobe wanne wakubwa wa Aldabra, na Waingereza wa Unguja wakaona kwamba mahali panapowafaa ni Changuu. Kobe hawa, si kasa wa baharini bali wa nchi kavu, ni miongoni mwa wakubwa zaidi duniani; dume aliyekomaa anaweza kufikia kilo 250, na umri wao huvuka karne moja bila tabu. Asili yao ni kisiwa cha Aldabra, mbali sana upande wa mashariki, katika Bahari ya Hindi.

Zawadi hiyo huwa inanifanya nikumbuke zawadi nyingine zilizokwenda upande wa pili. Shelisheli ilikuwa, kwa Waingereza, kile ambacho Changuu ilikusudiwa kuwa na haikuwa, yaani jela ya bahari. Huko alipelekwa Kabaka Mwanga wa Buganda, na huko ndiko alikofia mwaka 1903. Huko alipelekwa Omukama Kabalega wa Bunyoro, aliyekamatwa pamoja naye mwaka 1899. Aliruhusiwa kurudi mwaka 1923, na akafariki Jinja njiani, kabla ya kufika kwao. Prempeh wa Asante, kutoka Ghana ya leo, alikaa huko tangu mwaka 1900 hadi 1924. Na wa kwetu pia yumo: Khalid bin Barghash, yule aliyejitangaza Sultani Agosti 1896 na kuangushwa kwa mizinga ndani ya vita visivyofika saa moja, akakimbilia ubalozi wa Wajerumani na kutoroshewa Dar es Salaam. Waingereza walimkamata mwaka 1916 walipoutwaa mji huo, wakamhamishia Shelisheli na Saint Helena, kisha wakamruhusu kurudi Mombasa, ambako alifariki mwaka 1927. Afrika ilipeleka Shelisheli wafalme, Shelisheli ikaleta kobe. Sijui kama gavana aliyetia saini hati ya wale kobe aliwaza hivyo, ila mimi siwezi kuwatazama bila kuwaza.

Kobe walizaana vizuri. Kufikia mwaka 1955 walikuwa wamefika 200. Kisha wakaanza kuibwa. Kobe mdogo hubebwa kwenye mkoba, na nje ya nchi kulikuwa na wanunuzi, wengine wakimtaka kama mnyama wa kufuga na wengine kwa nyama. Mwaka 1988 walibaki kama 100, mwaka 1990 kama 50, na mwaka 1996 walihesabiwa saba. Saba, kwenye kisiwa ambacho mtu anaweza kukizunguka chote kabla chai haijapoa, na chenye walinzi. Mwaka huo huo wakaletwa vifaranga 80 ili kuokoa kizazi, na 40 kati yao wakatoweka. Ndipo serikali ya Zanzibar, kwa msaada wa shirika la kimataifa la kulinda wanyama, ikajenga uzio imara na kuwawekea wote, na idadi ikaanza kupanda tena. Kufikia mwaka 2000 walikuwepo wakubwa 17, wa makamo 50 na vifaranga 90. Wadogo huwekwa peke yao, mbali na mikono ya watu, hadi maganda yao yawe makubwa kiasi cha kutokubebeka.

Hivi ndivyo ilivyo, basi, kwamba uzio wa kweli wa Changuu, wenye kufuli na zamu za ulinzi, ulijengwa zaidi ya miaka 100 baada ya gereza la Mathews, na ulijengwa kwa ajili ya viumbe ambao hawakuwa na kosa ila thamani yao. Kama ningetakiwa kuiandika historia ya kisiwa kile kwa neno moja, lingekuwa hilo hilo: thamani. Watumwa walifungwa kwa sababu ya bei yao, na kobe nao vivyo hivyo. Abiria wa karantini peke yao ndio waliozuiliwa kwa hofu.

Kuhusu umri, nina pingamizi dogo. Kobe wa Changuu wameandikwa miaka yao mgongoni kwa rangi ya buluu, na wageni hupiga picha na yule mwenye namba kubwa. Kobe anayesemwa kuwa na zaidi ya miaka 150 lazima alikuja mwaka 1919 akiwa tayari mtu mzima, na waliokuja ni wanne tu. Wengine wote walizaliwa hapa, au waliletwa baadaye, kwa hiyo zile namba kubwa kubwa haziwezi kuwa nyingi, na mwenye kuzisoma afanye hesabu hiyo kabla ya kushangaa. Nilimweleza binti yule hivyo, naye, kwa kuwa hesabu ndiyo somo alilojivunia kufaulu, akaanza kupita kobe mmoja mmoja akitoa na kujumlisha, na muongoza watalii wetu akawa anacheka pembeni bila kumpinga.

Gereza lenyewe leo limekarabatiwa. Kuta ni zile zile, lakini pana mahali pa kula, na siku ile wanandoa wawili wa Kizungu walikuwa wamekaa mezani wakitazama maji. Nyumba moja ya zamani inaitwa kwa jina la Mathews. Kibao kinachoeleza historia kimeandika kwa sentensi chache kwamba jengo halikupata kutumika kama jela, na nadhani wageni wengi hukipita bila kukisoma kwa sababu wameshajua, tangu Forodhani, kwamba wamefika Prison. Kuhusu wale waliofungwa kabla ya jengo sikuona kaburi wala orodha ya majina. Mawe ya matumbawe hayaandiki.

Kabla ya kuondoka tulinunua fungu la mchicha. Binti alichagua kobe mmoja dume, mkubwa, aliyekuwa amejibanza chini ya mti peke yake, ganda lake limechakaa hadi namba haisomeki vizuri. Alimwekea jani moja moja mdomoni. Nilimwambia kwamba kama kati ya wale wanne wa mwaka 1919 yupo ambaye bado anaishi, basi huyo ndiye pekee kisiwani aliyewaona watu wa karantini wakiteremka kwenye vyombo, na akawazoea, na pengine akalishwa nao.

"Anaweza akawa huyu?"

"Anaweza."

Akampa fungu zima lililobaki, na kijana wa boti akaanza kutuita kutoka ufukweni kwa kuwa maji yalikuwa yameanza kupwa.